Friza Haisafishi Chakula

Maneno haya niliyazungumza mbele ya akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Mama Mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha, na asanteni nyote mliofunga biashara zenu Jumamosi asubuhi mkaja kukaa hapa.

Kabla sijaanza, nani ana saa? Saa nne na dakika ishirini. Shikeni hapo. Sufuria hii iliyo mezani nimeiepua saa nne na robo. Ndani mna viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vimepikwa vikaiva, vikapondwa, vikapitishwa kwenye chujio. Nimeikalisha ndani ya beseni la maji yenye barafu, na binti yangu huyu atakuwa anakoroga taratibu wakati nazungumza. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wamarekani, siku ambayo joto limepita nyuzi 32, wanashusha iwe saa moja. Sisi hapa Dar, Januari na Februari, nyuzi 32 ni jambo la kawaida, kwa hiyo mimi nimezoea saa moja mwaka mzima. Ikifika saa tano na robo viazi hivi bado viko mezani, tutavila sisi watu wazima. Kwenye friza ya mtoto haviingii tena.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu. Swali moja nimeulizwa mara nyingi, na karibu kila mara mama anauliza kwa sauti ya chini, kama anayeungama: "Mama, nikipika Jumapili nikagandisha, mtoto akala wiki nzima, nitakuwa nimefanya vibaya?" Hapana, mwanangu. Hujafanya vibaya. Mama anayeuliza hivyo ni mama anayefikiri. Nimekuja kumjibu huyo kwa urefu.

Tuanze na maisha yenyewe. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Na mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Mama anarudi kazini nusu ya safari bado. Sheria hiyohiyo inamruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kumnyonyesha mwanawe, lakini kazi ikiwa Posta katikati ya jiji na mtoto yuko Chanika pembezoni, saa mbili hizo zinaishia kwenye daladala. Na mwenye genge la nyanya, na mama lishe wa pale kituoni, hao hata siku 84 hawana wa kuwapa. Wiki ya tatu yuko kwenye moshi.

Mtoto akifika miezi 6 anaanza chakula cha nyongeza, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayotulisha mahindi na viazi sisi wa mjini, ndiyo yenye udumavu mkubwa kuliko mingine. Chakula kipo shambani, kipo stoo, lakini kwenye kijiko cha mtoto hakifiki. Anachopata ni uji asubuhi, uji mchana, uji jioni, kwa sababu uji ndio unaopikika haraka na dada wa kazi anaumudu.

Mimi naipenda friza kwa sababu hii moja kuliko zote. Watu husema inaokoa muda, na ni kweli inaokoa. Lakini kwangu kazi yake kubwa ni kumpa mtoto vyakula vya aina nyingi kila siku. Nani atachemsha maini ya vijiko viwili Jumanne, boga la vijiko viwili Jumatano, maharage ya kuchuja Alhamisi, na huku anawahi gari la saa kumi na moja alfajiri? Hayupo. Lakini nusu kilo ya maini iliyopikwa Jumapili, ikapondwa, ikagandishwa vipande vidogo, inamlisha mtoto madini ya chuma wiki kadhaa. Na madini ya chuma ndiyo hasa anayoanza kuyahitaji kutoka kwenye chakula akifika miezi 6, maana akiba aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua.

Sasa niseme kuhusu adui. Wengi tunadhani adui ni chakula cha jana. Mimi nawaambia adui ni hotpoti.

Msigune, nisikilizeni. Dada anapika uji saa kumi na mbili asubuhi, anautia kwenye chupa ya chai au hotpoti, mtoto anapewa saa tatu, anapewa saa sita, kinachobaki anapewa saa tisa. Uji umebaki na uvuguvugu, kwa hiyo kila mtu anaona ni salama. Bakteria wanapenda joto gani? Wanapenda kati ya nyuzi 5 na 60. Chini ya hapo wanazubaa, juu ya hapo wanaanza kufa. Hotpoti ikishapoteza ule moto wa kwanza inakaa katikati ya joto wanalolipenda, siku nzima, imefunikwa vizuri. Kijidudu kimoja kinachogawanyika kila dakika 20 kinakuwa zaidi ya milioni 2 ndani ya saa saba. Anzeni kuhesabu saa kumi na mbili asubuhi, mtafika saa saba mchana.

Na msiniambie "tutachemsha tena." Kuna bakteria wanaokaa puani na kwenye vidonda vya vidole vyetu, na kuna wengine wanaokaa kwenye mchele, ambao wakipata muda wa kuzaliana kwenye chakula wanaacha sumu. Moto unaweza kuwaua wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuiacha haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo maana wali uliolala nje juu ya meza haupewi mtoto hata ukitokota mpaka ukaungua.

Basi friza inafanya nini? Inasimamisha. Ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria hawazaliani kabisa. Wamelala. Hawajafa, mama zangu, wamelala tu. Siku utakapoyeyusha wataamka walewale, karibu kwa idadi ileile uliyowalaza nayo, na wataendelea pale walipoachia. Ukigandisha chakula kisafi utayeyusha chakula kisafi. Ukigandisha chakula kilichoshinda mezani tangu asubuhi, utayeyusha chakula kilichoshinda mezani tangu asubuhi.

Hili nililijua darasani, na bado lilinipata nyumbani. Mwanangu wa tatu alikuwa na miezi tisa. Nilikuwa nimegandisha kuku na karoti, vipande kumi na vinne, nimevihesabu mwenyewe kwenye kopo la bluu. Siku ya Alhamisi nikatoka kazini jioni, nikafungua friza, inanguruma vizuri, barafu ipo, nikachomoa kopo. Vile vipande havikuwa vipande tena. Vilikuwa bonge moja, limejaa umbo la kopo mpaka kwenye kona, na juu yake kumetanda theluji. Nilichoka, nilikuwa na haraka, nikachukua kisu nikabandua pembeni, nikapasha, nikamlisha. Usiku ule alianza kuharisha. Siku tatu nilikaa naye, kikombe cha maji ya chumvichumvi mkononi, kijiko baada ya kijiko, macho yake yameingia ndani. Dada aliyekuwa akinisaidia ndiye aliyeniambia baadaye kuwa umeme ulikatika saa mbili asubuhi siku ya Jumatano ukarudi usiku, na watoto wa jirani walishinda wakifungua friza kutafuta barafu. Nilikuwa sijamuuliza. Lile bonge lilikuwa limekwisha kuniambia na sikulisikiliza.

Tangu siku ile nina kikombe. Hiki hapa, kipitisheni. Ni kikombe cha plastiki, nilikijaza maji nikayagandisha, kisha nikaweka juu yake sarafu ya shilingi mia mbili na kukirudisha kwenye friza. Mnaona sarafu iko juu kabisa. Maana yake tangu nilipoiweka mpaka leo asubuhi barafu haijayeyuka. Hiki cha pili nimekiazima kwa jirani. Sarafu iko wapi? Iko chini, imegandia kwenye kitako. Friza yake sasa hivi ina baridi kama yangu, ukiigusa hutajua tofauti. Lakini kuna siku yale maji yaliyeyuka yote, sarafu ikazama, halafu umeme ukarudi ukayagandisha tena. Kila kilichokuwa ndani ya friza ile siku hiyo, kama ni cha mtoto, kimwagwe. Kinauma, najua bei ya maini. Kimwagwe.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, inashikilia baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Sehemu ya chini ya friji, ile isiyogandisha, ni saa nne tu. Kwa hiyo friza yenye nafasi ijazeni chupa za maji, barafu hiyo inalinda chakula. Na kuna tabia moja nataka tuiache leo: kuzima friji usiku ili luku, umeme wetu wa kununua kabla, isiishe. Naijua sababu yake, uniti ni hela. Lakini saa kumi za usiku kila siku ni kuyeyusha kidogo na kugandisha tena, kila siku. Kama luku ya mwezi huu haitoshi kuwasha usiku na mchana, basi mwezi huu usiweke chakula cha mtoto humo. Weka maji ya kunywa.

Wale wenye biashara ya barafu na juisi, friza yenu inafunguliwa mara nyingi kwa siku kuliko mnavyodhani. Msijisikie mnaambiwa vibaya, ndiyo riziki. Chakula cha mtoto kiwekeni chini kabisa, upande wa mbali na mkono wa wateja, ndani ya kopo lenye mfuniko, na samaki wabichi wasikae juu yake hata kwa nusu saa. Maji ya samaki yanapodondoka hayachagui.

Sasa kazi yenyewe ya jikoni. Kunawa kwa sabuni, hilo nisilirudie sana, ila niseme kwamba kidole chenye kidonda kinafungwa na kuvalishwa glovu au anapika mwingine. Chujio na kisu cha blenda ndivyo vinavyoficha uchafu. Visafisheni mara mkimaliza, msingoje vikauke. Blenda ina mpira chini ya kile kisu. Uvueni. Mtashangaa.

Pika kiive kabisa. Ponda. Mtoto wa miezi 6 anataka laini, wa miezi 9 anataka chembechembe za kutafuna, kwa hiyo usimsagie wa miezi 9 kama bado ni mchanga. Usitie chumvi, usitie sukari. Asali hapewi mtoto kabla ya kutimiza mwaka, hata ya Tabora, hata tone, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaolegeza mwili wa mtoto mchanga mpaka pumzi.

Halafu poza haraka, kama mnavyoona hapa. Sufuria kubwa ya moto ukiiacha ipoe yenyewe, katikati yake panakaa vuguvugu masaa mengi. Na ukiitia ya moto ndani ya friza, unavipasha joto vile vilivyokwisha kuganda. Gawa kwenye vyombo vipana vya kina kifupi, weka kwenye beseni la maji ya baridi, koroga, badilisha maji.

Kikipoa, mimina kwenye trei ya barafu. Tundu moja la trei ya kawaida linabeba kama vijiko vikubwa viwili. Mtoto wa miezi 6 anaanza na vijiko viwili mpaka vitatu kwa mlo, kwa hiyo kipande kimoja au kimoja na nusu kinamtosha siku za mwanzo. Akifika miezi 9 anakula kama nusu kikombe, vipande vinne hivi, na hapo ndipo utamu ulipo: viazi viwili, maini kimoja, mchicha kimoja, mlo umekamilika na hujakata hata kitunguu. Funika trei, gandisha mpaka kesho yake, kisha vipande vihamishie kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Bandika plasta, andika kwa makapeni: jina la chakula na tarehe. Usiseme utakumbuka. Boga na viazi lishe vikiganda ni ndugu mapacha.

Kopo lisijazwe mpaka juu kama unaweka kitu cha majimaji. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama sehemu 9 katika 100, na chupa ya kioo itapasuka, na kipande cha kioo kwenye uji hakionekani.

Kwa nini vipande vidogo? Kuna Mmarekani mmoja, Clarence Birdseye, alikaa Labrador, kule kwenye baridi ya kaskazini ya Amerika, kati ya 1912 na 1915. Aliwaona Wainuiti, wenyeji wa huko, wakivua samaki, wakaganda mara tu wanapotolewa kwenye maji kwa ukali wa baridi, na miezi baadaye wakiyeyushwa wana ladha ya samaki mbichi. Akaelewa kwamba kinachoganda haraka kinapata chembe ndogo za barafu, na kinachoganda polepole kinapata chembe kubwa zinazochana nyama ndani kwa ndani. Kutokana na hilo ikazaliwa biashara nzima ya vyakula vya kugandisha. Friza zetu za nyumbani hazina baridi ya Labrador, lakini kipande kidogo kinaganda kabla ya bakuli kubwa. Na kinayeyuka kabla yake.

Si kila chakula kinapenda barafu. Viazi lishe, boga, karoti, maharage, njegere, maini, kuku, samaki aliyetolewa miiba, ndizi za mtori pamoja na nyama yake, vyote hivi vinakubali. Ndizi zitabadilika rangi, zisiwatishe. Mchicha unakubali pia, na niwaambie, mchicha uliopikwa ni bora kugandishwa au kuwekwa kwenye baridi upesi kuliko kuachwa nje, maana ukikaa kwenye joto chumvichumvi yake ya asili inageuzwa na bakteria kuwa kitu kinachosumbua damu ya mtoto mdogo. Uji sipendi kuugandisha. Ukiyeyuka maji yanajitenga, unabaki na makamasi, mtoto anaukataa. Viazi mviringo vinakuwa kama mchanga. Parachichi linapoteza rangi na utamu, na kwani kuna haja gani? Parachichi limekuja na kopo lake. Kata, kwangua, mpe.

Na hapo kwenye uji nisimame kidogo. Unga wa lishe tunaochanganya mahindi, karanga, soya, ulezi na mchele tunauweka miezi kwenye ndoo. Mahindi na karanga ndizo nafaka na mbegu zinazoshikwa zaidi na sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Kwetu mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Sumukuvu haichemki ikaisha, na friza haiigusi. Chagua punje moja moja, tupa zilizovunjika na zilizobadilika rangi, saga kidogo kidogo, na usirundike aina saba za nafaka ukidhani wingi ndio lishe. Kila aina unayoongeza ni mlango mwingine.

Vipande vikae muda gani? Vitabu vya Marekani vinatoa miezi 6 hadi 8 kwa mboga na matunda yaliyopondwa, na mwezi 1 hadi 2 kwa nyama. Friza zao hazikatiki umeme kama zetu. Mimi nawapa mwezi mmoja kwa vyote, na kwa samaki na maini afadhali wiki tatu. Kile kilichopikwa kikawekwa chini kwenye friji bila kugandishwa, siku moja, mbili zikizidi sana.

Kuyeyusha: kitoe usiku, kihamishie chini kwenye friji, asubuhi kiko tayari. Au kitie moja kwa moja kwenye sufuria ndogo yenye maji kidogo. Usikiache juu ya kabati kiyeyuke kwa hewa ya Dar. Pasha mpaka kitokote, si kivuguvugu, kitokote mvuke utoke mpaka katikati, kisha kipoe, ujaribu kwenye ndani ya kiwiko chako. Wenye maikrowevu koroga sana, inaacha sehemu za moto zinazounguza ulimi. Toa kwenye bakuli kile atakachokula tu. Kijiko kikishaingia kinywani na kurudi kwenye bakuli, kile kilichobaki kina mate, na mate yana bakteria wake. Kinaliwa na mama au kinamwagwa. Na kilichoyeyuka hakirudi kugandishwa.

Maziwa ya mama yana taratibu zake na nitayasema kwa ufupi kwa sababu wiki ijayo kuna mkunga atakayewafundisha kukamua. Yaliyokamuliwa sasa hivi, wataalamu wa Marekani wanayapa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Nani hapa ana chumba cha nyuzi 25 saa nane mchana? Basi tuyaweke kwenye baridi mara moja. Ndani ya friji siku nne, upande wa nyuma, si mlangoni. Yakigandishwa, miezi 6 yakiwa bora. Yakiyeyuka kwenye friji yanatumika ndani ya saa 24. Mafuta yatapanda juu, yazungushe taratibu yachanganyike. Usiyachemshe, usiyatie maikrowevu. Chupa ikae kwenye bakuli la maji ya moto.

Nawaona wengine mmenyamaza, na najua kwa nini. Huna friza. Dada yangu, usikope kununua friza kwa sababu ya maneno yangu. Pika sufuria ndogo, mara mbili au tatu kwa siku, mpe, kilichobaki ule wewe. Bibi zetu waliijua kazi hii kabla ya umeme. Walikuwa na kimea: ulezi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Kijiko cha unga wake ukikitia kwenye uji mzito unalegea bila kuongeza maji, ukachemka tena, na tumbo dogo la mtoto linapata chakula kingi ndani ya vijiko vichache. Taasisi ya Chakula na Lishe iliwahi kukifundisha kimea miaka ya themanini. Mimi naona tuliwahi mno kukisahau.

La mwisho ni la huyu binti anayebaki na mtoto. Tunamwachia friza, jiko, mtoto, na simu isiyo na vocha. Kisha jioni mtoto akiharisha tunamgeukia yeye. Kaa naye Jumapili. Pika naye. Mwambie kwa nini, si "fanya hivi" tu. Mwonyeshe kikombe chenye sarafu, mwambie: mwanangu, umeme ukikatika andika saa ulipokatika na saa uliporudi hapa kwenye karatasi hii ya mlangoni, na usiogope kuniambia. Mimi niliwahi kuwa na binti aliyejua kila kitu kilichotokea nyumbani kwangu siku ya Jumatano, na sikumuuliza mpaka Jumapili.

Saa ngapi sasa? Saa tano kasoro dakika tano. Leteni sufuria. Mama Mwenyekiti, weka kiganja chako hapa ubavuni. Ya baridi? Hata katikati, hebu ingiza kijiko. Haya. Sabuni na maji viko pale mlangoni, waliokaa mbele tangulieni mkanawe, kisha kila mmoja aje ajaze tundu moja la trei.